Maji ya mvua kutoka jengo jipya yanaingia kwangu, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Naishi Moshono, Arusha, kwenye mteremko. Juu yangu palikuwa na shamba la migomba. Mvua ikinyesha, ardhi ilikuwa inayanywa maji. Sasa zimejengwa apatimenti, ua wote umepigwa zege, na mabomba ya paa yameelekezwa upande wangu.

Masika haya maji yaliingia kwa mlango wa jikoni. Tope limeacha mstari ukutani, vidole viwili tu chini ya soketi, na mawe ya msingi upande wa juu yameanza kuonekana. Chumba cha pembeni upande huo analala mama yangu, mtu mzima. Mvua ikianza usiku sipati usingizi.

Nimepiga hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa lile ni kama mita za mraba 400, kwa hiyo mvua ya milimita 50 inashusha lita 20,000, bado ua. Simtanki haliwezi kufua dafu.

Mwenye jengo nimemfuata mara mbili kwa upole, anasema maji hufuata mteremko. Sawa, lakini hayakuwahi kuja kwa kasi hii.

Fundi ananishauri nijenge ukuta wa mawe. Naogopa utayasukuma kwa jirani wa chini. Shimo la kunyonya maji naliona bora, ila lichimbwe kwa mwenye jengo. Liwe umbali gani na msingi? Nianze kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa mhandisi wa jiji? Na mliochangia mtaro na jirani, mliandikishana vipi?