Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia: "vibao vyote" vya Ricky Nelson, kumbe vimerekodiwa upya uzeeni

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu na nina hasira, asiyeweza kusoma apite kimya kimya.

Mzee wangu alikuwa baharia. Amezunguka bandari nyingi kabla ya kustaafu na kurudi Tanga, na wimbo wa ujana wake, ule alioupiga mpaka santuri ikachubuka, ni "Travelin' Man" wa Ricky Nelson, mwimbaji wa rock and roll wa Marekani aliyevuma akiwa bado kijana. Kwa msioujua, ni wimbo wa 1961 wa jamaa anayezunguka dunia na kila anapotia nanga kuna mrembo anamsubiri: Mexico, Alaska, Berlin, Hong Kong, mpaka visiwa vya Polynesia. Sasa mnaelewa kwa nini baharia aupende, na kwa nini mama alikuwa anakumbuka ghafla kwamba ana mboga jikoni kila ukianza. Santuri yenyewe ilivunjika zamani tukihama nyumba.

Mwezi uliopita nikakutana mtandaoni na mkusanyiko. Diski mbili. Kava ina picha ya kijana mbichi kabisa, nywele zimelazwa kwa mafuta, gitaa mkononi, na maandishi makubwa kwamba humu mna vibao vyake vyote. Nikatoa Sh 85,000 pamoja na usafiri. Nikasubiri wiki tano. Mfuko wangu mnaujua, mimi si mtu wa kuchezea elfu themanini.

Jumapili tukakaa sebuleni, mzee kwenye kiti chake, mama na sisi. Nikaweka diski. Mzee akafumba macho. Gitaa likaanza, ngoma zikaingia kwa kishindo chenye mwangwi kama ziko ndani ya tangi la maji, kisha sauti. Mzee akafumbua macho, akaniangalia kama nimemletea mgeni asiyemjua.

"Huyu nani?"

"Ricky, baba."

"Si yeye. Huyu mtu mzima."

Mzee huyu tukimwita chakula hasikii mpaka mara ya tatu. Hilo alilisikia kabla beti ya kwanza haijaisha.

Nikaazima miwani yake, nikageuza kava. Chini kabisa, herufi ndogo kama mayai ya chawa, wameandika kwamba nyimbo zimerekodiwa upya na msanii mwenyewe. Zimerekodiwa 1985! Picha ya mbele ni ya kijana wa miaka 18, sauti ya ndani ni ya mtu wa miaka 40 na ushee. Hii tunaiitaje, kama si kanyaboya?

Najua mtakachosema: "Mkuu, msanii ni yuleyule, nyimbo ni zilezile, unalalamika nini?" Haya, ngoja niwaeleze.

"Poor Little Fool" ndiyo wimbo wa kwanza kabisa kushika namba moja kwenye Hot 100, chati ya nyimbo ya jarida la Marekani la Billboard, ilipoanzishwa tarehe 4 Agosti 1958. Aliyeutunga ni binti, Sharon Sheeley, naye alikuwa bado hajatoka utotoni vizuri. Dogo anamwimbia dogo maneno ya dogo. Raha yake yote iko hapo. Ukimchukua baba wa watoto wanne akauimba tena miaka 27 baadaye, umepata mtu anayekumbuka mapenzi ya shuleni, si mtu aliyeumizwa nayo juzi. Wala sisemi anaimba vibaya. Pengine 1985 anaimba vizuri zaidi, pumzi imekaa sawa, noti hazimtoroki. Lakini "Lonesome Town" ya 1958 ni kijana wa miaka 18 anayejikaza asilie, karibu hakuna kitu nyuma yake zaidi ya gitaa na waitikiaji. Kujikaza kule hakurudiwi studio. Waliotazama filamu ya Pulp Fiction ya 1994 wameusikia humo, na waliochagua rekodi ile walijua wanachagua nini.

Halafu kuna James Burton. Hapa ndipo damu inanichemka. Nusu ya vibao vile ni gitaa la Burton, naye alikuwa rika moja na Ricky. Sikilizeni solo ya "Believe What You Say" ya 1958, au ile ya katikati ya "Hello Mary Lou" ya 1961, fupi, haina hata noti moja ya ziada. Huyo Burton ndiye Elvis alikuja kumchukua mwaka 1969. Kwenye kava langu jina lake halimo. Hakuna jina la mpiga chombo hata mmoja, hakuna mwaka kwenye wimbo hata mmoja, na nyimbo zimechanganywa kama karata: ya 1962, inafuata ya 1957, kisha 1959. Mtu anayemsikia Ricky kwa mara ya kwanza ataondoka akiamini alikuwa mwimbaji wa muziki wa kupooza wa kupigwa kwenye lifti.

Na wapo wanaoamini hivyo tayari. Kwamba alikuwa sura tu, mtoto wa televisheni aliyebebwa na baba. Ni kweli alilelewa mbele ya kamera, kipindi cha wazazi wake Ozzie na Harriet kilirushwa kuanzia 1952 hadi 1966, na ni humo alikoimba kwa mara ya kwanza Aprili 1957, akiwa na miaka 16, wimbo wa Fats Domino. Mabinti wakarukwa na akili. Lakini hazikupita siku nyingi akawa lebo (kampuni ya kurekodi) moja na Fats mwenyewe, Imperial, na sura haipigi muziki wa namna ile. Mwaka 1962 aliimba hata wimbo unaoitwa "Teen Age Idol", kuhusu upweke wa kijana anayeabudiwa na watu wasiomjua. Upo kwenye diski yangu, nao umerekodiwa upya. Kati ya zote, huo ndio haukustahili kabisa kuguswa.

Rick simlaumu (alipofika 21 aliacha kuitwa Ricky, kava halina habari). Rekodi za zamani zilikuwa mali ya lebo. Ukiziimba upya, hizo mpya unaweza kuziuza bila kumpigia mtu magoti, na msanii anayezunguka kwa shoo anahitaji kitu chake cha kuuza. Ni haki yake. Shida inakuja baadaye, kampuni yoyote inapopata rekodi hizo za bei poa, inabandika picha ya 1958 juu yake na kufunga nailoni. Rick mwenyewe hayupo wa kulalamika, ndege yake ilianguka karibu na De Kalb, Texas, tarehe 31 Desemba 1985, akielekea Dallas kwenye shoo ya mkesha wa mwaka mpya.

Sasa sikieni kituko chenyewe. Hivyo "vibao vyote" havina "Garden Party".

Oktoba 1971 alialikwa Madison Square Garden, New York, kwenye tamasha la nyimbo za zamani. Akaja na nywele ndefu, bendi mpya na nyimbo mpya. Kukawa na kuzomea. (Wengine wanasema walikuwa wanazomewa polisi waliokuwa wakiwatoa watu huko nyuma. Yeye aliamini anazomewa yeye, akashuka jukwaani.) Akaenda kuandika "Garden Party", mwaka 1972 ikafika namba 6 Marekani, na ujumbe wake kwa kifupi ni kwamba hatakubali kuishi kwa kumbukumbu tu, afadhali aendeshe lori. Mtu aliyeimba hivyo wamemuuza akirudia kumbukumbu diski mbili nzima, na wimbo aliojitetea nao wameuacha nje! Labda watasema ni ya lebo nyingine, kwani mwaka 1963 alikuwa amehamia Decca. Basi usiandike "vyote". Neno ni moja tu, lifute.

Nimewaandikia wauzaji kudai pesa yangu. Jibu limekuja leo asubuhi: bidhaa imefunguliwa nailoni, hairudishwi. Ningejuaje kilichomo bila kufungua?

Mnaonishauri niende kwenye programu za kusikiliza muziki, nimeshakwenda. Kule ndiko zimejaa, picha ya kijana, sauti ya mzee. Angalieni mwaka wa rekodi, si wa albamu, na mkiona neno la kurekodiwa upya kimbieni.

Mwenye mkusanyiko wenye rekodi za Imperial za 1957 hadi 1962, hata kaseti iliyorekodiwa kutoka kwenye santuri, aje PM tuongee bei. Mzee diski ile hataki hata kuiona. Mama ndiye ameichukua, anasema huyu mtu mzima anamfaa zaidi, anaonekana ametulia.