IST, baridi ya mwezi wa sita: 5W-30, 15W-40 ao 20W-50?

kampemba_ist
Wandugu, jambo. Gari ni Toyota IST, vidanji (kubadilisha mafuta ya moteri) imefika na baridi ya mwezi wa sita ya hapa Lubumbashi iko karibu. Dukani kuna 20W-50, 15W-40 na 5W-30. Wengine wanasema wakati wa baridi ni lazima mafuta mepesi, halafu mwezi wa kumi urudi kwa mazito. Nichukue yapi? Nataka kununua wiki hii.

FundiKatuba
IST ipi? NCP60 ina moteri ya 2NZ, 1.3. NCP61 ina 1NZ, 1.5. Kilometa ngapi? Inakula mafuta? Inatoa moshi, na saa gani? Inazunguka mjini tu ao inapanda Likasi? Ndani kuna mafuta gani sasa? Bila hayo kila mtu atakutajia mafuta ya gari lake.

ruashi_mazutu
20W-50, mwaka mzima. Gari likivuka kilometa 150,000, nafasi kati ya vyuma imeshapanuka na mafuta mepesi yanapita tu. Hapa si Ulaya.

likasi_rn1
Yaya Ruashi, hapo sikubali. Namba ya mbele ya W inapimwa kwenye baridi ambayo Lubumbashi haiijui: 5W inapimwa kwa nyuzi 30 chini ya sifuri, 15W kwa 20 chini ya sifuri, 20W kwa 15 chini ya sifuri. Asubuhi ya mwezi wa saba ikishuka hadi nyuzi 6 ao 7, yote matatu bado yanatiririka. Tofauti ni kwamba 20W-50 inachelewa kidogo kufika juu kwenye kamu, na batri iliyochoka inazungusha demareri (stata) kwa shida. Hizo moteri za NZ zina VVT-i (mtambo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka) na kikaza mnyororo kinachosukumwa na mafuta, ndiyo maana yakiwa mazito unasikia mnyororo ukigonga ukiwasha asubuhi.

Namba ya nyuma ndiyo ya joto. Unene kwa nyuzi 100, kwa kipimo cha cSt: daraja la 30 liko kati ya 9.3 na 12.5, la 40 kati ya 12.5 na 16.3, la 50 kati ya 16.3 na 21.9. Lakini kuna kipimo ambacho wauzaji hawakitaji: unene kwa nyuzi 150 mafuta yakiwa yanakamuliwa kwa kasi, vile inavyokuwa ndani ya kusineti (bearing zinazobeba shafti ya moteri). Pale 5W-30 inadaiwa angalau 2.9. 15W-40 inadaiwa angalau 3.7. Na 20W-50? 3.7 ileile. Kwa hiyo anayeiacha 15W-40 kwa kuogopa jua la mwezi wa kumi, kipimo hicho hakimhakikishii ulinzi wowote wa ziada.

kampemba_ist
Asanteni. Ni NCP61, kilometa 186,000. Inakula karibu lita moja kila kilometa 2,500. Moshi wa buluu kidogo asubuhi nikiwasha, kisha unapotea. Ndani kuna 20W-50. Nilisahau kusema: kuna pia Hilux yenye moteri ya 2KD ya mazutu (dizeli) nyumbani, inaenda Kolwezi na mizigo. Nilitaka bidoni moja la lita 20 litumikie zote mbili.

FundiKatuba
Hilo ndilo ungeanza nalo! Swali si baridi tena, ni mafuta gani yanakubaliwa na moteri ya esansi (petroli) na ya mazutu pamoja.

Hesabu kwanza. 1NZ inachukua lita 3.7 pamoja na filtri, 2KD inachukua 6.9. Jumla 10.6. Bidoni la 20 halifikishi vidanji mbili za gari zote mbili, na bado hujahesabu ile lita ya kujazia IST.

Tafuta 15W-40 iliyoandikwa API CI-4/SL. Hizo ni alama za daraja la mafuta: CI-4 ni ya mazutu, kwa Hilux; SL ni ya esansi, kwa IST, na 1NZ haitalalamika. Usichukue iliyoandikwa SL peke yake ukaimimina kwenye 2KD: haikutengenezwa kubeba masizi ya mazutu.

Kuhusu kula mafuta: moshi wa kuwasha asubuhi unaoisha ni wa mipira ya valvu. Ungekuwa wa segmenti (pete za pistoni) ungeuona ukikanyaga kupanda. Lakini kabla ya yote toa valvu ya PCV (inayopitisha mvuke wa ndani ya moteri) juu ya kifuniko cha moteri, itikise. Isipolia, imeziba: isafishe ao ibadilishe. Watu wengi wananunua mafuta mazito kumbe kosa ni kavalvu haka.

garaji_kamalondo
Kwa 2KD niongeze jambo, maana mafuta mazito yanaua hizi moteri kimyakimya. Hilux moja ililetwa na taa ya mafuta inawaka moteri ikiwa moto, kwa ralanti (inazunguka bila kukanyagwa). Mwenyewe alikuwa ameshauriwa amwage 15W-40, atie 20W-50. Taa ikazimika, akaendelea na barabara. Baadaye turbo ikaanza kupiga mluzi, kisha chini kukaanza kugonga.

Tulifungua karta (bakuli la mafuta chini ya moteri). Krepini, ule wavu unaofyonza mafuta chini, ulikuwa umezibwa na masizi magumu meusi, pamebaki tundu dogo la kupitia. Chanzo kilikuwa juu: rondeli (pete bapa) za shaba chini ya enjekta zilikuwa zimeacha kuziba, moto wa silinda ukapenya hadi ndani ya kifuniko cha valvu, mafuta yakapikwa, makaa yakashuka kwenye karta. 20W-50 ilipandisha msukumo kidogo ikaficha taa, lakini asubuhi pampu ilikuwa inafyonza mafuta mazito kupitia wavu ulioziba. Turbo na kusineti vikakaa kavu.

Kwa hiyo kila vidanji, moteri ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha kujazia. Pumzi inayopiga pu-pu-pu kwa mpigo wa silinda ni dalili ya rondeli. Toa enjekta zote 4, weka rondeli mpya, usirudishe za zamani hata zikionekana nzuri, kisha shusha karta uoshe krepini.

ruashi_mazutu
Hiyo ni kosa la rondeli, si la 20W-50. Ukweli ni kwamba taa ilizimika.

garaji_kamalondo
Taa ilizimika na ugonjwa ukabaki, mzee wangu. Taa ile inasoma msukumo tu. Kiasi cha mafuta yanayofika kwenye turbo haikioni.

goma_nyiragongo
Sisi Goma hatuna mambo ya misimu, karibu mita 1,500 juu na hewa inafanana mwaka mzima. Kinachotumaliza ni vumbi la volkano. Linakwangua kama msasa, na filtri ya hewa isiyokaa vizuri inaharibu mafuta ya bei yoyote. Swali kwa Katuba: kwa nini si 5W-40 ya C3 (daraja la Ulaya)? Ni sintetiki.

FundiKatuba
C3 imepunguzwa majivu hadi 0.8 kwa mia ili kulinda filtri ya masizi kwenye bomba la moshi. Hilux yake haina filtri hiyo. Na mazutu yakiwa na salfa nyingi, asidi inakula nguvu ya mafuta haraka. CI-4 ina akiba kubwa zaidi ya kuipinga. 5W-40 nzuri ipo, lakini itafute yenye majivu kamili.

Kampemba, jambo moja: ukitoka kwenye 20W-50 ya siku nyingi, vidanji ya kwanza ya IST ifupishe hadi kilometa 2,000, juu ya uchafu utakaong'oka. Na angalia mpira wa filtri ya zamani usibaki umeganda kwenye bloku. Ukifunga mpya juu yake, mafuta yote yatamwagika njiani.

moto_kenya
Samahani wakubwa, 15W-40 hiyo naweza kuitia kwenye pikipiki?

likasi_rn1
Ambriaji (klachi) ya pikipiki inaogelea kwenye mafuta hayohayo. Tafuta alama ya JASO MA, daraja la mafuta ya pikipiki, la sivyo inaweza kuteleza. Na kwa pikipiki hata mimi siwezi kugombana na 20W-50.

ruashi_mazutu
Umeona!

kampemba_ist
Nimetoka dukani. 15W-40 ya lita 20 waliyo nayo imeandikwa CF-4/SG. Wanasema ni kitu kimoja.

FundiKatuba
Si kimoja. CF-4 ni ya mwaka 1990, CI-4 ni ya 2002. Usilipe bado. Piga picha ya nyuma ya bidoni, namba ya loti na pete ya kifuniko vionekane, uiweke hapa.