Kabichi ya kuchachusha kwa Nane Nane: chumvi kiasi gani, na siku ngapi kwa joto la Mwanza?

Binti Nyakato
Habari zenu, ndugu zangu. Tarehe 8 Agosti ukoo wetu utakutana hapa nyumbani Nyakato, watu wapatao 25, na chakula kikuu kitakuwa sato wa kuchoma kwa ugali wa udaga. Mimi nimekabidhiwa vya kusindikizia. Mwaka jana, kwa kuwa nimechoka na kachumbari inayojaa maji kabla wageni hawajaketi, nilijaribu kuchachusha kabichi kama wanavyofanya Wajerumani na Wakorea. Niliikatakata, nikanyunyiza chumvi kwa kukadiria, nikajaza ndoo hadi ukingoni, nikafunga kifuniko kwa nguvu na kuiacha jikoni siku tisa. Siku ya tatu kifuniko kilivimba na maji yakamwagika sakafuni. Siku ya tisa kabichi ilikuwa laini kama ya kuchemsha, na juu yake umeota ukungu wa kijani wenye manyoya. Shangazi yangu alisema nikwangue tu, kama tunavyokwangua udaga, lakini niliingiwa na hofu nikaimwaga yote.

Naomba kufahamishwa kiasi cha chumvi, idadi ya siku zinazofaa kwa hali ya hewa yetu, na kama shangazi alikuwa na hoja.

Mpishi wa Kirumba
Dada, nianze na shangazi, maana hoja yake inaeleweka ingawa haifai hapa. Katika udaga, muhogo uliomenywa huvundikwa kwa makusudi ili uote ukungu, kisha hukwanguliwa, huanikwa juani hadi ukauke kabisa, husagwa na hatimaye hupikwa kwenye maji yanayochemka. Kabichi haipitii hata moja kati ya hatua hizo za mwisho, kwani inaliwa mbichi, na mizizi ya ukungu huwa imekwisha kupenya chini ya kile unachokiona. Ulifanya vyema kuimwaga. Utando mweupe, mwembamba na usio na manyoya ni jambo jingine. Huo ni hamira ya porini, nao unaweza kuuengua bila wasiwasi, japo ukiachwa huharibu ladha.

Kazi yote hufanywa na bakteria wa asidi ya laktiki, ambao tayari wako kwenye majani ya kabichi. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye jani na kuwazuia vijidudu waharibifu wakati hao wengine wakizaliana na kuongeza uchachu, na mahali pasipo na hewa ndipo wanapostawi. Kwa hiyo kabichi inayoelea juu ya maji yake ndiyo inayoota ukungu. Wapishi wengi hutumia chumvi asilimia 2 ya uzito wa kabichi, lakini mimi kwa huku kwetu hutumia asilimia 2.5, yaani gramu 25 kwa kilo, kwa sababu joto likizidi na chumvi ikipungua, jani hulegea haraka. Kwa watu 25 chukua kilo 3 za kabichi iliyokwisha kukatwa na gramu 75 za chumvi. Ifikiche kwa mikono mpaka itoe maji ya kutosha kuifunika, ishindilie, weka jani zima juu yake, kisha ulikandamize kwa sahani na chupa iliyojaa maji. Acha nafasi ya vidole vinne juu, na kifuniko ukilegeze au ukifungue kila asubuhi, kwa maana hewa ya ukaa inayozalishwa ndiyo iliyokumwagia maji sakafuni. Usitumie sufuria ya alumini, kwa kuwa asidi na chumvi huila.

Kuhusu siku: Wajerumani huiacha kwa majuma kadhaa kwenye ubaridi wa nyuzi 18 hivi. Mwanza mwezi Agosti usiku kuna ubaridi wa kuridhisha, ila mchana joto hukaribia nyuzi 28, kwa hiyo siku nne au tano zinatosha. Anza jioni ya tarehe 3. Chombo kiketi ndani ya beseni la maji, mbali na jiko, kimefunikwa kitambaa kilicholowa. Onja kuanzia siku ya tatu kwa kijiko safi, na ikikupendeza mapema iingize kwenye friji.

Mzee wa Ukerewe
Mwanangu, nimesoma kwa makini, na sina ugomvi na kabichi, ila najiuliza kwa nini vijana mnaposikia habari za kuchachusha mnakimbilia ya Wakorea ilhali maziwa mgando yapo nyumbani. Ganda maziwa yako, uyapige na dania, tangawizi kidogo na pilipili, nayo yatakaa vizuri sana pembeni mwa sato. Jambo moja usilipuuze: maziwa yachemshwe kwanza, yapoe hadi vuguvugu, ndipo utie kijiko cha mgando wa jana. Wengi tulikua tukinywa yaliyogandishwa mabichi kwenye kibuyu, lakini uchachu peke yake hauaminiki kuua vijidudu vya brusela. Halafu yaweke kwenye bakuli lake, kwa sababu wapo wazee wasiokula samaki na maziwa pamoja, na hapo mezani si mahali pa kubishana nao.

Binti Nyakato
Asante, kaka, na shikamoo, mzee wangu. Nitaandaa vyote viwili. Tatizo ni kwamba sina mizani, na chumvi iliyopo dukani ni ya kawaida yenye madini joto. Je, itafaa? Pia, nyanya na vitunguu niviweke lini?

Mpishi wa Kirumba
Itafaa, nimeitumia miaka yote na kabichi imechachuka bila shida. Muuza kabichi sokoni akupimie, nawe ukumbuke kwamba sehemu ya katikati na majani ya nje hutaitumia, hivyo nunua zaidi ya kilo 3. Vijiko vinne vya chakula vya chumvi laini, vilivyosawazishwa kwa kisu, vinakaribia gramu 75. Karoti na tangawizi zinaweza kuchachuka pamoja na kabichi, ila zipime kama sehemu ya zile kilo 3. Nyanya usizitie kabla ya tarehe 8, kwani zitarudisha yale maji uliyokuwa unayakimbia. Dakika chache kabla ya kupakua, kamua kabichi kidogo, changanya na nyanya, kitunguu na pilipili mbuzi, na usiongeze chumvi wala ndimu kabla ya kuonja. Maji yake usiyamwage. Kijiko kimoja au viwili juu ya sato akitoka kwenye makaa hutosha kabisa badala ya ndimu.