VY Canis Majoris: CO na vumbi vinanipa majibu mawili tofauti

Kilimia: Wakuu, nina ramani za ALMA (kundi la antena za redio kule Chile) za mstari wa CO (2–1), yaani mawimbi ya gesi ya monoksidi ya kaboni, wa jitu hili jekundu. Nikiweka kasi ya upepo 35 km/s na kudhani gesi inatoka sawasawa pande zote, nyota inapoteza chini ya 1/10,000 ya tungamo la Jua kwa mwaka. Vumbi la infraredi linanipa zaidi ya mara tatu ya hapo. Nimekosea wapi?

FundiMawimbi: Angalia mpangilio wa antena kabla hujaigusa fomula. Antena zilizo karibu zaidi zikiwa mita 15, kwa wimbi la milimita 1.3 chochote kipana kuliko sekunde 10 hivi za tao (sekunde ya tao ni 1/3,600 ya digrii) kinapotea. Mpangilio ukitanuliwa, kikomo kinashuka zaidi. Unabaki na mafundo angavu tu. Ukiona madoa hasi kuzunguka nyota, ndilo tatizo. Ongeza data ya antena za mita 7, kisha linganisha jumla na darubini moja kubwa kama IRAM ya mita 30.

Nuru_K: Umbali je? Kwenye fomula ya CO jibu hukua kwa mraba wa umbali. Zamani watu waliandika parseki 1,500 (parseki ni miaka-nuru 3.26 hivi). Paralaksi (kuhama kwa nyota angani Dunia inapozunguka Jua) ya redio ya vitone vya mvuke wa maji inatoa karibu 1,200. Hapo tu ni asilimia 56. Paralaksi ya setilaiti ya Gaia iache: uso wa nyota unachemka, kitovu cha mwanga kinahamahama. Na vumbi ulizidisha kwa ngapi kupata gesi?

Kilimia: 200. Umbali niliotumia kwenye vumbi ni 1,500, kwenye CO 1,200. Aibu.

Nuru_K: Ndiyo hiyo. Halafu 200 ni dhana tu. Weka 100 uone jibu likishuka nusu.

FundiMawimbi: Bado hiyo "sawasawa pande zote". VY inatema mabonge, kama jitu jingine jekundu, Betelgeuse, lilivyofanya 2019 hadi vumbi likalifunika, Februari 2020 likafifia mpaka ukubwa wa mwanga 1.6 (namba ikipanda, mwanga umepungua). Bonge lililo sekunde 1 ya tao kutoka nyota liko AU 1,200 (AU ni umbali wa Dunia hadi Jua). Kwa 35 km/s, yaani AU 7.4 kwa mwaka, lilitoka miaka 160 hivi iliyopita (likiwa linaelekea kwako kwa mshazari, ni zaidi). Pima kila fundo kivyake, na katikati tumia ¹³CO (CO adimu yenye kaboni nzito zaidi), maana CO ya kawaida pale haipenyeki: unahesabu ganda la nje tu.