Mpwa wangu anacheza safu ya mbele ya ulinzi chuoni Marekani. Aingie drafti ya NFL (ligi kuu ya mpira wa Kimarekani inapochagua wachezaji wapya) au arudi mwaka wa mwisho? Naomba ushauri

Mjomba wa Fizi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naomba wanaoufahamu mpira wa Kimarekani wanisaidie, jambo limefika nyumbani na Januari, mwezi wa kuamua, haiko mbali.

Dada yangu alitoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na watoto wake, wakapokelewa Kentucky. Mtoto wa pili wakati huo alikuwa mdogo wa kubebwa mgongoni. Sasa yuko mwaka wa tatu chuoni na anacheza katikati ya safu ya mbele ya ulinzi, wale wanaokabiliana uso kwa uso na senta na magadi, watu wa katikati wa safu ya mashambulizi ya wapinzani. Chuo chake ni cha daraja la kwanza, ila hakimo kwenye yale makundi makubwa ambayo televisheni huyashindania. Baba yake alishatangulia mbele za haki, kwa hiyo mambo kama haya yananiangukia mimi mjomba.

Urefu wake ni sentimita 186, uzito kilo 135, mkono una sentimita 82. Msimu huu amemwangusha kwotabeki (mrusha mpira wa wapinzani) mara tatu tu. Wenzake wa pembeni wamemwangusha mara nyingi kuliko yeye na ndio wanaosifiwa. Kocha anasema bila yeye safu nzima inapwaya, lakini sina namna ya kujua kama ni kweli au ni maneno ya kumtia moyo.

Mawakala wameanza kumpigia simu mama yake. Mmoja kamhakikishia kwamba kijana atachukuliwa raundi ya pili, ikizidi sana ya tatu. Dada anataka mtoto amalize shahada. Kijana anasema mama amefanya kazi za usiku vya kutosha, anataka kwenda sasa.

Naomba mnijibu: mchezaji wa nafasi hii anapimwaje kama hesabu ya kuangusha ni ndogo? Huo mkono wanaodai ni mfupi una uzito kiasi gani? Na je, aende au arudi? Nimeweka video za mechi mbili hapo juu.

Jumapili_Usiku

Mkuu, hesabu ya kuangusha isikutishe. Mwaka 2022 timu ya Jacksonville walikuwa na nafasi ya kwanza kabisa ya kuchagua. Aidan Hutchinson wa Michigan alikuwa ametoka kwenye msimu wa kuangusha mara 14, Travon Walker wa Georgia mara 6. Wakamchukua Walker, kwa sababu waliangalia mwili wake na kazi aliyokuwa akipewa pale Georgia.

Ila na vipimo navyo visiwalevye. Vernon Gholston alinyanyua kile chuma cha kilo 102 mara 37 kwenye majaribio ya kabla ya drafti kule Indianapolis, mwili kama wa kuchongwa, timu ya Jets wakamchukua wa 6 mwaka 2008. Misimu mitatu, hakumwangusha kwotabeki hata mara moja. Dunia ya drafti ina hadithi nyingi za namna hiyo, kwa pande zote mbili.

Kocha wa Jioni

Nimeziangalia mechi zote mbili hadi mwisho. Nafundisha safu ya mbele kwenye sekondari moja huku Ohio, kwa hiyo nitasema ninachokiona, mengine waje wataalamu wa mikataba.

Mjomba, rudi kwenye mechi ya kwanza, robo ya pili, pale wapinzani wako karibu na mstari wa katikati. Usiufuate mpira kwa macho. Mwangalie yeye peke yake. Mpira unaachiwa, senta na gadi wa kushoto wanamjia kwa pamoja. Angalia anachofanya: hasimami wima kupambana nao kifua kwa kifua. Anashuka, goti la kulia linakaribia kabisa nyasi, anageuza nyonga kumwelekea gadi na kumwachia senta bega tu. Watu wawili wenye kilo 280 kwa jumla wanamsukuma na hatoki pale alipo. Lainbeka, mlinzi wa nyuma yake, anabaki huru, anamkamata mkimbiaji bila kuguswa na mtu. Kwenye karatasi ya takwimu sifa zote ni za lainbeka. Mpwa wako hana kitu, na kazi kaifanya yeye.

Hilo ndilo skauti (mtafuta vipaji wa timu) analotafuta kwanza kwa mtu wa katikati, na kijana analo. Sifa hiyo haifundishiki kirahisi. Wengi wakijiwa na wawili wanainuka, na ukishainuka umekwisha.

Sasa upande wa pili, na hapa naomba unisikilize vizuri. Jaribio la tatu (kati ya manne ambayo timu hupewa kusogeza mpira yadi 10) likiwa la kurusha mpira, mara nyingi anatoka uwanjani. Analetwa mwingine mwepesi zaidi. Kwa hiyo zile tatu alizoangusha zimetoka kwenye nafasi chache mno. Mwombe kocha wake akupe idadi ya mara alizomkimbilia kwotabeki kwa msimu mzima, na mara ngapi alimsumbua hata kama hakumwangusha. Bila namba hizo, tatu haina maana, si nzuri wala mbaya.

Na anapobaki uwanjani kwenye kurusha, ana silaha moja: kusukuma moja kwa moja. Mikono ikikamatwa hana jibu la pili. Sijaona akipiga mkono wa gadi na kupita pembeni, sijaona akipitisha bega chini. Anasukuma hadi anaishiwa nguvu, kwotabeki ameshaachia mpira. Robo ya nne ya mechi ya pili anapumua kwa shida na hatua yake ya kwanza inachelewa. Kilo 135 si tatizo, ila anazibebaje dakika ya 55 ndilo swali.

Dar hadi Dallas

Kuhusu mkono. Timu nyingi zinapenda mtu wa katikati awe na angalau inchi 33, karibu sentimita 84. Sababu ni rahisi: mwenye mkono mrefu anakushika kifuani kabla hujamfikia.

Kila kijana mwenye mkono mfupi huambiwa habari za Aaron Donald. Kweli, Donald alikuwa na mkono chini ya inchi 33, kimo chini ya sentimita 186, akachukuliwa wa 13 mwaka 2014, akawa mlinzi bora wa mwaka mara tatu. Lakini Donald alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.68 akiwa na kilo 129! Ule wepesi ndio uliolipia mkono. Mifano iliyo karibu na mpwa wako ni Geno Atkins na Grady Jarrett, wote wafupi kwa nafasi yao, wote wakawa wachezaji wakubwa. Atkins akachukuliwa raundi ya nne mwaka 2010, Jarrett ya tano mwaka 2015. Yaani mfupi anaweza kufanikiwa kabisa, ila siku ya drafti ufupi unamshusha, na kushuka ni fedha.

Kwa hiyo huyo wakala wa "raundi ya pili" muulize amelitoa wapi.

Mama Asifiwe

Kaka yangu, mimi si mtaalamu wa mpira, ila nimelea wavulana watatu hapa Texas na mmoja amecheza hadi chuo. Mtafute habari za Kwity Paye umsomee dada yako. Alizaliwa kambi ya wakimbizi Guinea, mama yake alikimbia vita vya Liberia, wakafika Rhode Island. Akacheza Michigan miaka yote minne, kisha timu ya Colts wakamchukua raundi ya kwanza mwaka 2021, na usiku ule alimwambia mama yake aache kazi. Mama kapumzika, na mtoto hakukatiza njiani.

Goti likivunjika leo, shahada itabaki. Msimsahau mama katika haya mazungumzo yenu ya sentimita.

Hesabu Kwanza

Nakubaliana na Mama Asifiwe kwa moyo, lakini goti linavunjika chuoni pia, na huko linavunjika kabla ya kulipwa. Tuweke mambo ya fedha sawa.

Kwanza, msitegemee wakala. NFL ina kamati ya ushauri kwa wachezaji ambao hawajamaliza miaka yao. Maombi yanapitia chuoni, ni siri, hayamfungi mtu. Jibu huja kwa moja ya namna tatu: ana uwezo wa raundi ya kwanza, ana uwezo wa raundi ya pili, au si kati ya hizo, na maana ya hilo la tatu ni rudi shule. Wanaotoa jibu ni watu wa timu zenyewe, hawana asilimia ya kupata kutoka kwa kijana. Mwambie kocha apeleke maombi wiki hii.

Pili, asisaini chochote na wakala wa mikataba ya NFL kabla ya kuamua. Akisaini, mlango wa chuo unafungwa nyuma yake. Na wakala huyo lazima awe na kibali cha chama cha wachezaji, na kwenye mkataba wa mchezaji hawezi kudai zaidi ya asilimia 3. Akitaja zaidi, mwageni.

Tatu, raundi. Drafti ina raundi 7. Anayechukuliwa anapewa mkataba wa miaka 4, asiyechukuliwa akisajiliwa anapewa wa miaka 3. Mshahara wa chini wa mwaka kwa mchezaji mpya mwaka 2026 ni dola 885,000, na watu wakisikia hivyo wanadhani ni fedha ya mkononi. Si hivyo. Unalipwa wiki kwa wiki za msimu, ukiwa ndani ya wale wachezaji 53 wa kikosi. Ukikatwa Agosti hujaiona. Kilicho salama ni bonasi ya kusaini, na hiyo inapungua haraka kadiri raundi zinavyoshuka. Kati ya raundi ya pili na ya tano kuna nyumba ya mama, wakuu, tena nyumba nzuri.

Nne, chuo cha leo si cha zamani. Tangu Julai 2021 wanafunzi wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Ndiyo maana idadi ya wanaoingia drafti mapema imeshuka sana. Mpwa wako alikuja kama mkimbizi, kwa hiyo naamini ana kadi ya kijani au uraia. Kama ndivyo, ana bahati ambayo vijana wetu wenye viza ya mwanafunzi hawana, maana wao fedha hizo zinawagonganisha na masharti ya viza. Ulizeni chuo kitampa nini mwakani, kwa maandishi.

Mjomba wa Fizi

Nashukuru sana, nimesoma yote na nimemsomea dada kwa simu. Ana uraia, wote walishaupata. Ile habari ya jaribio la tatu sikuijua kabisa. Nimempigia kijana, anasema anatolewa kwa sababu mwenzake ni wa mwaka wa nne na kocha alimwahidi zile nafasi. Mwakani mwenzake hayupo.

Lakini nina hofu moja. Akirudi, si atapimwa upya na kuonekana ni yuleyule, tena amezeeka mwaka mmoja?

Kocha wa Jioni

Mjomba, hofu yako ni ya haki. Kurudi kwa ajili ya kurudi tu hakumsaidii. Akirudi acheze vilevile, skauti atamwona ni yuleyule, kaongeza umri. Ila hicho alichokuambia kuhusu mwenzake kwangu kimegeuza kila kitu. Mtu wa katikati anayetoka kwenye jaribio la tatu, timu inamlipa kama mtu wa nusu kazi. Anayebaki uwanjani analipwa kama mchezaji kamili. Mwili uleule, kimo kilekile.

Yupo Jordan Davis wa Georgia ambaye naye alikuwa akitolewa kwenye kurusha, na bado Eagles walimchukua wa 13 mwaka 2022. Lakini yule alikuwa na kilo 155 na akakimbia yadi 40 kwa sekunde 4.78. Huyo si kipimo cha mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo nenda kwa kocha wake ana kwa ana ukiweza. Muulize mambo mawili. Mwakani atabaki uwanjani kwenye jaribio la tatu? Na atasimamishwa wakati mwingine kwenye mwanya kati ya gadi na mtu wa pembeni, anakobaki na mtu mmoja, badala ya kuwekwa kila mara juu ya senta? Akisema ndiyo, kijana atumie miezi ya kiangazi kwenye mikono, ajifunze jibu la pili na la tatu gadi anapomshika, kisha baada ya msimu apiganie mwaliko wa Senior Bowl, mechi ya maonyesho ya wachezaji wa vyuo wanaoelekea drafti, pale Mobile, Alabama. Pale mazoezi ya mmoja kwa mmoja yanafanyika mbele ya maskauti wa timu zote 32, na kijana wa chuo kidogo anapambana na magadi wa vyuo vikubwa. Siku tatu za mazoezi hayo zinaweza kumpandisha kuliko msimu mzima.

Kocha akikwepa kujibu, hamisheni chuo au mwende na jibu la kamati.

Dar hadi Dallas

Naunga mkono, ila naongeza: kamati ikisema raundi ya pili, mimi ningemwacha aende. Kwa mkono ule, raundi ya pili ni bei nzuri na huenda isirudi.

Hesabu Kwanza

Hapo tuko pamoja. Ikisema raundi ya pili, aende. Isiposema, arudi kwa masharti ya Kocha wa Jioni. Na shahada, akirudi, inabaki kiasi gani?

Mjomba wa Fizi

Inabaki mihula miwili. Nimeongea na kijana sasa hivi. Maombi ya kamati yanapelekwa kesho asubuhi, na Ijumaa naendesha gari kwenda kuonana na kocha, dada anakuja nami. Wakala tumemwambia asipige tena hadi Januari. Nitaleta majibu ya kocha hapahapa, na Kocha wa Jioni naomba uniandikie yale maswali mawili kwa Kiingereza cha uwanjani, asije akanizungusha.

Kocha wa Jioni

Nakutumia sasa hivi. Na la tatu liongeze: aeleze uzito anaotaka kijana awe nao Agosti. Mimi ningesema 131.