MJADALA: Sura za manusura wa Holokosti zikae barabarani au zibaki makumbusho?

Mleta mada

Wakuu habari za jioni, naomba tulijadili hili kwa utulivu maana limenikaa kichwani wiki nzima. Kuna mpiga picha wa Ujerumani anaitwa Luigi Toscano, wazazi wake ni Waitaliano waliohamia kule kutafuta kazi. Tangu 2014 huyu bwana anazunguka nchi kwa nchi kupiga picha wazee walionusurika Holokosti, yaani mauaji ya Wanazi, watawala wa Ujerumani wakati wa vita ya pili ya dunia, ameshawapiga zaidi ya 400, na hazitundiki ukumbini. Anazichapa kwenye kitambaa kikubwa kuliko mtu mzima halafu anazisimamisha nje kabisa, bustanini na kando ya barabara, mtu katoka zake kununua mkate anakutana nazo. Alianza Mannheim 2015, mwaka uliofuata akazipeleka Kiev, mji ambao Septemba 1941 kwenye bonde la Babi Yar walipigwa risasi Wayahudi 33,771 kwa siku mbili, 2018 zikafika Washington pale mbele ya Lincoln Memorial. Ni uso tu, hakuna mapambo wala bunduki wala waya wa kambi, bibi wa watu anakutazama machoni basi.

Sasa Mei 2019 zikawekwa Vienna kwenye barabara kubwa ya Ringstrasse. Watu wakaja usiku na visu wakazichana nyuso, siku nyingine wakazichora alama za Wanazi, haikuwa mara moja wala mbili, ni mara tatu. Yaani mzee aliyeponea chupuchupu ujanani anafikisha miaka tisini anachanwa uso katikati ya mji, mahali ambapo mchana watu wanapita. Lakini kilichofuata ndicho kilichonifanya nilete mada. Vijana wa mji walikuja na sindano na uzi wakakaa chini wakaanza kushona zile nyuso, kukawa na wasanii, vijana wa Caritas ambalo ni shirika la Kanisa Katoliki, na vijana wa umoja wa vijana Waislamu wa Austria, na ilikuwa Ramadhani, wakafuturu palepale barabarani huku wanazilinda picha za wazee wa Kiyahudi usiku na mchana. Mshono ukabaki unaonekana kwenye kitambaa na hawakuuficha.

Msimamo wangu ni kwamba sura zikae nje. Makumbusho anaingia anayejua tayari. Anayetakiwa kukutana na ule uso ni yule ambaye hakupanga. Na muda hautoshi tena jamani, mwanzoni mwa 2024 manusura waliobaki hai duniani walihesabiwa kama 245,000, wengi walikuwa watoto wadogo wakati ule na sasa ni wazee kabisa. Karibuni.

Mdau wa Mombasa

Mleta mada nakuheshimu ila hapa sikubaliani na wewe. Huyo bibi alishadhalilishwa hadharani mara ya kwanza, alivuliwa nguo mbele ya watu, alinyolewa, wewe leo unamrudisha hadharani usiku bila mlinzi halafu akichanwa unasema ooh lakini vijana wameshona. Kushona ni vizuri, Mungu awalipe, ila swali langu ni kwa nini achanwe kwanza?

Na si mimi peke yangu. Munich wana ubishi kama huu miaka mingi. Kuna yale mawe madogo ya shaba ya msanii Gunter Demnig, yanapachikwa chini mbele ya nyumba aliyokaa mtu kabla hajachukuliwa, jina, mwaka na yaliyompata kwa kifupi, upana wake sentimita 10, yameshapita 100,000 Ulaya. Munich waliyakataa kwenye ardhi ya mji 2004 na wakakataa tena 2015, na aliyeyapinga sana ni mama Charlotte Knobloch, kiongozi wa Wayahudi wa pale, yeye mwenyewe aliokolewa kwa kufichwa akiwa mtoto. Hoja yake nyepesi tu, watu hawa walikanyagwa wakiwa hai, msiwakanyage tena kwa viatu. Sasa kama jina tu linaweza kudhalilishwa, je sura?

Halafu kwetu huku pwani wengi tumelelewa kwamba picha ya mtu haitundikwi ovyo, na aliyekufa anaombewa dua, picha yake haigeuzwi pambo. Hawa wa kwenye vitambaa wengi bado wapo hai sawa, kesho je? Atakayeamua picha ishuke ni nani?

Mleta mada

Dada yangu wa Mombasa hoja yako ya mawe nimeipokea, hata mimi kukanyaga jina kunanisumbua. Ila ona Munich waliishia wapi, tangu 2018 wanaweka vibao ukutani na nguzo usawa wa macho, na picha ya mtu ikipatikana inawekwa. Kwa hiyo hawakuikimbia sura, waliinyanyua kutoka chini.

Na kuhusu kudhalilishwa naomba nikueleze kitu cha Wilhelm Brasse. Alikuwa Mpoland, mfungwa wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, tangu 1940, na kwa sababu kabla ya vita alikuwa anafanya kazi studio wakamweka apige picha za wafungwa, mtu anapigwa tatu, ubavu, mbele, na akiwa amevaa kofia au kitambaa. Yeye mwenyewe alikadiria alipiga watu 40,000 hadi 50,000. Wayahudi walio wengi hata hiyo picha hawakupigwa, walitoka kwenye treni moja kwa moja kwenye gesi. Kuna binti mmoja wa Kipoland wa miaka 14, Czesława Kwoka, Brasse alisimulia kwamba msimamizi mwanamke wa wafungwa alimpiga fimbo usoni kabla tu ya picha, mtoto akafuta machozi na damu ya mdomo ndipo akapigwa. Hiyo picha ipo na dunia nzima inaisambaza. Januari 1945 Brasse aliamriwa achome zote, yeye na mwenzake wakajaza jiko karatasi zilizolowa, moto ukafa, ndiyo maana zaidi ya 38,000 zipo mpaka leo. Baada ya vita alijaribu kurudi kwenye kamera akashindwa, aliwaona wale watoto nyuma ya kila mteja, akaacha.

Kwa hiyo sura za watu hawa hadharani zipo tayari, tena zile zilizopigwa kwa amri ya muuaji! Bibi aliyekubali mwenyewe kukaa mbele ya kamera akiwa na miaka tisini, amevaa nguo yake, amechana nywele zake, hiyo ni picha ya kwanza ya jambo hili aliyoichagua yeye. Mimi siwezi kuiweka kabatini kwa kuogopa mwenye kisu.

Mdau wa Kigali

Niongeze kidogo. Pale ukumbusho wa Gisozi hapa Kigali, wa mauaji ya kimbari ya 1994, kuna chumba cha picha zilizoletwa na familia, watu wako arusini, mwingine kabeba mtoto, mwingine kapozi studio. Zimetundikwa tu kwenye nyaya na vibanio. Mimi nina ndugu pale. Naenda Aprili nasimama mbele yake, natoka, nafunga mlango nyuma yangu, na ule mlango nauhitaji.

Ila Vienna na Kigali si sawa, mnielewe. Huku manusura anaishi jirani na aliyemuulia watu wake, wanakutana sokoni. Ukiweka sura yake kubwa barabarani umemwambia mtaa mzima huyu hapa. Wengine wangekubali, wengine hapana kabisa, na huyo wa hapana asisukumwe na msanii wala serikali. Kwa hiyo kwangu swali la kwanza ni mwenyewe kasema nini.

Mdau wa Berlin

Naandika haraka niko kazini. Mnajua yupo mswahili wa Dar kwenye mawe hayo ya shaba? Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam 1904, askari mtoto upande wa Wajerumani vita ya kwanza, 1929 akaja Berlin kudai mishahara ya jeshi, yake na ya baba yake, hakulipwa. Akabaki, akawa mhudumu wa mgahawa, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza filamu nyingi. 1941 wakamkamata kwa kutembea na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia huko 24 Novemba 1944. Jiwe lake liko Brunnenstraße 193 tangu 2007. Nimepita hapo mara nyingi nikiwa na haraka ya treni, siku niliyolisoma nilichuchumaa nikafuta vumbi kwa mkono.

Mleta mada

Mdau wa Berlin umenikata maneno. Nimetoka kutafuta picha zake sasa hivi na nyingi ni za filamu za propaganda za kikoloni, kavalishwa sare kasimama nyuma ya mzungu. Hakuna bibi wala babu wa kumuuliza, Husen hakufika miaka tisini. Kwa kipimo cha ndugu wa Kigali, mwenyewe kasema nini, mimi sina jibu hapa.

Ila nasema nilivyo. Pale Posta mjini Dar kuna sanamu ya Askari tangu 1927, ya shaba, ina bunduki na haina jina. Ningependa siku moja karibu yake kuwe na uso wa Husen, mkubwa, akiwa peke yake, ikipatikana picha ambayo hajavalishwa na mtu. Mwenye nayo au anayejua familia yake ilipo aniandikie, na dada wa Mombasa nakuomba ubaki kwenye uzi huu maana kama itafika huko nataka wewe uulizwe kabla yangu.