Nikishusha mkono tu, wimbo unaparaganyika

Mwalimu_wa_Arua:

Habari za kazi, walimu wenzangu. Nafundisha shule ya msingi hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na jioni naongoza kikundi cha muziki cha watoto na vijana wa mtaani kwetu, kuanzia wa P5 (darasa la tano) hadi waliomaliza S4 (kidato cha nne). Tuna tarumbeta, tromboni mbili (moja slaidi yake, lile bomba la kuvuta, imepinda kidogo, ukiivuta mbali inakwama), yufoniamu, ngoma, na adungu, yaani vinubi vya nyuzi, za saizi tatu. Vyombo vya kupuliza vilikuja kama msaada, adungu ni za kwetu. Tunafanyia mazoezi kwenye ukumbi wa parokia wenye paa la mabati, kwa hiyo mvua ikianza, mazoezi yamekwisha hata kama tulikuwa katikati ya wimbo.

Tatizo langu ni hili. Nikisimama mbele nikawapigia mapigo kwa mkono, wanakwenda vizuri. Nikigonga meza kwa fimbo, vizuri zaidi. Lakini nikishusha mkono hata kwa mistari miwili, kila mtu anashika njia yake. Ngoma zinakimbia, tarumbeta zinazifukuza, adungu zinabaki nyuma halafu zinanyamaza kabisa. Kila siku nawaambia "sikilizaneni". Wanaitikia "ndiyo mwalimu" kwa pamoja, tena kwa pamoja kuliko wanavyopiga.

La pili, adungu na tarumbeta hazipatani sauti. Adungu tumezituni kwa kii ya C tukifuata kinanda cha kanisa. Wa tarumbeta wakipiga do yao, si do yetu. Kijana wangu mkubwa anayeongoza tarumbeta anasema adungu ziondolewe tubaki bendi ya kweli. Mimi sitaki. Wazazi wengi hapa huja kusikiliza kwa sababu ya hizo adungu.

Mwisho wa muhula tumealikwa kupiga kwenye sherehe ya shule. Nianze na lipi?

Ngoma_Kubwa_Bombo:

Mwalimu, salaam. Nimepiga ngoma kubwa kwenye bendi ya jeshi mpaka nikastaafu. Jibu langu ni fupi: watembeze. Watoe nje uwanjani bila vyombo, ngoma kubwa peke yake, mguu wa kushoto kwenye pigo la kwanza. Wakishatembea pamoja, wape vyombo wapige wimbo wanaoujua huku wanatembea. Mtu hawezi kuukimbiza wimbo wakati miguu ya wenzake inamkatalia.

Halafu angalia ni nani umempa ngoma kubwa. Walimu wengi humpa mtoto mwenye nguvu, au yule aliyeshindwa tarumbeta. Hapo ndipo mambo yanapoharibikia. Mpe mtoto mtulivu kuliko wote, hata kama ni mdogo. Kama ngoma inamzidi kimo, itafutie stendi.

Ya adungu siyajui. Lakini huyo kijana asikupangie bendi. Afande ni mmoja.

Mama_Tromboni_Kampala:

Mzee wa Bombo, kuhusu ngoma kubwa nakuunga mkono kwa mikono miwili. Kuhusu kutembea nakubali nusu. Inasaidia, ila ukiwarudisha ukumbini wakakaa, baada ya muda wanaanza kukimbia tena, kwa sababu miguu ilikuwa imechukua kazi ya fimbo ya mwalimu na masikio bado yamelala.

Mwalimu wa Arua, fimbo ya mezani iache leo. Si kesho. Ukigonga meza, mtoto anasikia meza. Hana haja ya kumsikia jirani yake, na akili ya mtoto haifanyi kazi isiyo na haja. Ndiyo maana ukinyamaza hawana pa kushika.

Nafundisha tromboni na tarumbeta hapa Kampala, na mimi mwenyewe nililelewa na bendi ya watoto. Huku kwetu bendi za namna hiyo zina historia: M-Lisada, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1996 na vijana wa mitaani wenyewe, si na mhisani aliyekuja na mpango wake. Nalitaja hilo kwa sababu walimu wengi tunasahau kwamba vijana wanaweza kushikana bila mtu mzima kupunga mikono mbele yao.

Zoezi ninaloanza nalo nimelitoa Busoga. Bigwala unazijua? Ni tarumbeta za vibuyu, na kila moja ina sauti moja tu. Mpigaji hana wimbo mkononi, ana sauti yake moja, na wimbo unatokea pale kila mmoja anapoingiza yake kwa zamu. UNESCO iliuingiza muziki huo mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, maana wazee wanaoujua walikuwa wamebaki wachache mno. Nyinyi huko West Nile mna tarumbeta za agwara, wazo ni lile lile. Basi lifanye kwa vyombo ulivyonavyo. Chukua wimbo wa kwenu wenye sauti tano tu. Wakalishe watoto watano kwenye duara, si kwenye mistari, kila mmoja umpe sauti moja: huyu do, huyu re, huyu mi, huyu sol, huyu la. Waimbe kwanza kwa solfa, kila mtu neno lake tu. Kisha wapulize. Wewe kaa chini nje ya duara.

Itakuwa vurugu, usiingilie. Nilikuwa na binti mmoja mwenye sol, mzuri wa sauti lakini kila mara anaingia mapema. Nikagundua hamwangalii mwenzake mwenye mi anayemtangulia. Ananiangalia mimi, macho yananiomba ruhusa. Nikageuka nikampa mgongo. Akakosa tena, akakosa tena, akanuna. Halafu mvulana wa mi akaanza kuinua mabega anapovuta pumzi, kidogo tu, wala sidhani alijua anafanya hivyo. Binti akayaona mabega. Kuanzia hapo sol ikakaa mahali pake, na mimi sikuwa nimesema neno.

Pumzi ndiyo siri ya watu wa kupuliza. Hata mkono wako, utakapourudisha, kazi yake kubwa ni ile kabla ya sauti ya kwanza: unauinua kwa mwendo uleule wa wimbo, na wewe mwenyewe unavuta pumzi pamoja nao. Ukiinua haraka halafu ukashusha polepole, umewapa habari mbili zinazogombana, na kila mtoto atachagua yake. Baada ya hapo punguza. Walimu tuliotoka kwenye kwaya tuna mikono mikubwa sana, tunafyeka hewa kama watu wa shambani. Mkono mdogo humfanya mtoto aangalie. Mkono mkubwa huonekana hata kwa aliyesinzia, kwa hiyo anaendelea kusinzia.

Kwa ngoma na adungu nachukua mfano wa amadinda, marimba ya Waganda. Mbao zake 12 zimelazwa juu ya migomba, wapigaji wawili wamekaa kutazamana, omunazi na omwawuzi. Wa kwanza anapiga mstari wake, wa pili anaingiza wake katikati ya mapigo ya mwenzake, na anayesikiliza kwa nje anasikia wimbo mmoja wenye kasi maradufu ambao hakuna kati yao anayeupiga peke yake. Ukikimbia unamgonga mwenzako. Huhitaji mwalimu wa kukwambia. Weka adungu mbili zitazamane hivyo hivyo, moja ipige, nyingine ijibu katikati, bila ngoma. Ngoma iingie mwisho kabisa na ipige taratibu. Najua watoto wa ngoma watalalamika. Walalamike.

Kijana wako mkubwa usimfukuze, wala usigombane naye mbele ya wadogo. Mkabidhi wadogo watatu wa tarumbeta awafundishe mwenyewe, na kwenye mazoezi akae katikati yao, asisimame mbele. Kule Venezuela, mfumo wa okestra za watoto na vijana alioanzisha José Antonio Abreu mwaka 1975 ulienea kwa njia hiyo ya mkubwa kumshika mkono mdogo. Kijana akishaona jinsi ilivyo kazi kumfanya mtoto wa P5 asubiri zamu yake, maneno ya "bendi ya kweli" yatapungua.

Adungu_Nebbi:

Mwalimu, mimi ni jirani yako, natengeneza adungu na kuzifundisha. Hilo la sauti ni jambo dogo, msigombane.

Tarumbeta ya kawaida ni ya B flati. Mtoto akipiga do yake bila kubonyeza vali yoyote (vile vitufe vitatu vya juu), kwenye kinanda hiyo ni B flati. Wewe umetuni C, kwa hiyo mko mbali kwa hatua nzima moja, na mtabaki hivyo milele. Tarumbeta huwezi kuihamisha umbali huo, na kumwambia mwanafunzi mchanga apige kila kitu hatua moja juu ni kumtesa. Adungu ndiyo yenye vigingi. Basi zishushe zote, kila uzi hatua nzima, do ya adungu iwe B flati. Kushusha hakukati uzi, kupandisha ndiko kunakokata. Yufoniamu itafurahi, na tromboni yako mbovu pia, kwa sababu B flati inapatikana slaidi ikiwa ndani kabisa.

Saa ya kutuni nayo ina maana. Shaba ikiwa baridi sauti huwa chini, ikipata joto hupanda. Waache kwanza wapulize nota ndefu mpaka vyombo vipate moto, ndipo utuni adungu kwa kufuata tarumbeta moja tu, ya yule mwenye sikio zuri. Usiziache adungu juani mkiwa mnasubiri zamu yenu kwenye sherehe. Ngozi ikipata jua inabadilika, na yote uliyotuni yamepotea.

Vayolini_Entebbe:

Samahani, mimi naona mnamzungusha mwalimu. Watoto wafundishwe nota za mistari mitano tangu mwanzo. Vijana wanaofanya mitihani ya muziki ya ABRSM, ile ya Uingereza, hapa Uganda wanatakiwa kusoma, na anayeweza kusoma anahesabu mwenyewe, hahitaji fimbo wala duara. Mambo ya kusikiliza kwa sikio tu yanawafungia watoto mlango.

Mama_Tromboni_Kampala:

Ndugu yangu wa Entebbe, wangu nao wanasoma, na kuna waliofanya mitihani hiyo wakafaulu. Tunachobishania ni kipi kitangulie. Mtoto ambaye bado anatafuta vali ya re huku macho yako kwenye karatasi hana nafasi iliyobaki ya kumsikia jirani. Ninawapa wimbo kwa sikio, wakishaushika pamoja ndipo naleta karatasi ya wimbo huohuo, na wanashangaa kuona kitu wanachokijua kimeandikwa. Kusoma kunakuja haraka zaidi hivyo. Anayeanza na chombo peke yake na mwalimu wake chumbani, sawa, fuata njia yako. Huyu ana ukumbi mzima na sherehe mwisho wa muhula.

Na tukitaja re: Mwalimu, ile re ya chini ya tarumbeta, vali ya kwanza na ya tatu pamoja, kwa kawaida hupanda. Slaidi ya vali ya tatu ina pete ya kidole. Wafundishe kuisukuma nje kidogo wanapofika hapo. Kama zimekwama kwa kutu, zipake mafuta uziache usiku mzima, usizivute kwa koleo.

Mwalimu_wa_Arua:

Asanteni sana, wazee na dada zangu. Fimbo nimeiacha nyumbani. Duara tumejaribu, na kweli ni vurugu, lakini ni vurugu ya watu wanaoangaliana. Ngoma kubwa nimempa msichana wa P6 asiyeongea. Wavulana wawili wamesusa, watarudi wakisikia kuna soda siku ya sherehe.

Adungu tumezishusha. Do ya tarumbeta na do ya adungu sasa ni moja, hata kijana wangu mkubwa alitikisa kichwa akacheka. Imebaki ile adungu kubwa ya besi. Uzi wake wa chini kabisa umelegea mno, ukiupiga unagonga shingo na kulia kama mbu. Nikaze nirudi C?

Adungu_Nebbi:

Usirudi. Uzi wa unene ule ulikuwa umepangiwa sauti ya juu zaidi, ukiushusha hauna mvuto tena. Toa huo na ule unaoufuata, weka nailoni nene zaidi. Nenda na kipande cha uzi wa zamani mkononi kwa wanaouza vifaa vya wavuvi, mlinganishe unene kwa vidole, chukua saizi inayofuata kwa unene. Panyimur utazipata kwa urahisi, au mtume mtu wa basi.

Ukifunga uzi mpya, uvute, uache, uvute tena. Nailoni mpya hunyooka siku kadhaa kabla ya kutulia, kwa hiyo usifanye kazi hiyo usiku wa kuamkia sherehe. Na kigingi kikiteleza, kisugue chokaa ya ubaoni, hiyo shuleni kwenu haikosekani.